Jinsi ya kutembelea makumbusho ya It's a Wonderful Life mjini Seneca Falls

Kila Novemba ikiingia, simu yangu huanza kupokea maswali yale yale. Yale makumbusho ya sinema ya Krismasi yako wapi hasa? Ni kule Niagara? Watoto watatulia? Tukitoka Syracuse asubuhi, jioni tutakuwa tumesharudi? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, mara nyingi nikiwa kazini, majibu nusunusu. Nimeona niyaandike yote hapa, atakayeuliza tena apate jibu lililokamilika.

Makumbusho yenyewe yako Seneca Falls, mji mdogo wa jimbo la New York, kati ya Syracuse na Rochester, kwenye eneo la yale maziwa marefu membamba yanayoitwa Finger Lakes. Yalifunguliwa mwaka 2010 na yanahusu filamu moja tu: It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Frank Capra na kuchezwa na James Stewart na Donna Reed. Kwa Wamarekani wengi filamu hii ni sehemu ya Krismasi kama pilau ilivyo sehemu ya sikukuu kwetu.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mgeni ninayempeleka. Makumbusho haya ni madogo. Anayekwenda kupiga picha tu atatoka baada ya dakika kumi akiuliza, "Ndiyo hayo tu?" Anayekwenda akiwa anaijua hadithi atakaa saa nzima, na akifika kwenye daraja la mji huo atanyamaza. Hatua zote za hapa chini nimezipanga ili uwe huyo wa pili.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina

Seneca Falls si Niagara Falls. Kati ya miji hiyo miwili pana umbali wa yapata kilomita 200. Usiandike "Falls" peke yake kwenye ramani ya simu ukabonyeza jina la kwanza litakalotokea. Niagara iko mpakani kabisa mwa Kanada, na kama karatasi zako za uhamiaji bado zinashughulikiwa, huko si mahali pa kujikuta kwa bahati mbaya.

Wala Seneca Falls hakuna maporomoko ya maji siku hizi. Yalikuwepo, ndiyo yaliyoupa mji jina, lakini mwaka 1915 mfereji wa Cayuga na Seneca ulipopanuliwa maji yalipanda yakayafunika, likatokea ziwa dogo la Van Cleef.

Na filamu haikupigwa pale. Ilipigwa California, kwenye eneo la kampuni ya filamu ya RKO huko Encino. Kwa nini basi makumbusho yako Seneca Falls? Jibu utalipata kwenye hatua ya 7.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Gari, au ndugu mwenye gari.
- Kitambulisho. Kwa mhamiaji mwenye green card, kuwa nayo mkononi ni sheria ya Marekani kwa kila aliyefikisha miaka 18. Usiiache nyumbani kwa kuogopa kuipoteza.
- Koti zito la kweli, kofia ya sufu inayofunika masikio, glovu, na viatu vyenye soli ya meno. Raba za kukimbilia zinateleza kwenye barafu kama sabuni.
- Noti ndogondogo, za dola moja na tano, kwa ajili ya sanduku la michango na vitu vya ukumbusho.
- Chupa ya chai iliyojaa. Kwenye gari baridi la saa kumi jioni utanishukuru.
- Chaji ya ziada ya simu, maana baridi humaliza betri upesi.
- Na filamu yenyewe, uwe umeshaitazama. Hilo ndilo kubwa, ndiyo maana nimelifanya hatua ya kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Tazama filamu nzima, angalau siku mbili kabla.

Ni ya dakika 130 hivi. Angalia urefu huo kabla hujabonyeza, kwa sababu kuna nakala fupi mtandaoni iliyokatwa ile sehemu George anapoonyeshwa mji ungekuwaje kama asingezaliwa. Bila sehemu hiyo mwisho wa filamu hauelekei. Zipo pia nakala zilizotiwa rangi, ziache. Filamu ilipigwa nyeusi na nyeupe, na Capra na Stewart wote wawili walipinga kuitia rangi. Maktaba za umma huwa na DVD, unaazima bure. Televisheni ya NBC huionyesha mkesha wa Krismasi, lakini ukisubiri mpaka hapo utakuwa umechelewa kwa safari.

Kwa asiyeijua kabisa: George Bailey ni kijana wa mji mdogo uitwao Bedford Falls. Anatamani kusafiri duniani, lakini kila akishika sanduku linazuka jambo la kumrudisha. Baba yake anafariki, naye anabaki kuendesha chama kidogo cha kuweka na kukopa kinachowawezesha watu wa kipato cha chini kujenga nyumba zao. Potter, tajiri wa mji, anataka chama hicho kife. Mkesha wa Krismasi dola 8,000 za chama zinapotea, na George anakwenda darajani akiwa amekata tamaa ya kuishi. Hapo anatumiwa malaika, mzee mmoja anayeitwa Clarence, ambaye bado hajapewa mbawa zake.

Nilipoitazama na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro, tulifika ile sehemu watu wanapojazana chamani kudai akiba zao zote kwa mpigo. George anawaambia pesa hazimo kabatini, zimo kwenye nyumba ya jirani yako, na ya fulani, na ya fulani. Shangazi alininyang'anya rimoti akasimamisha picha. "Maneno haya haya mwenyekiti wetu aliyasema," akaniambia. Yeye ni mwanachama wa VICOBA tangu siku nyingi. Tukaendelea, George akatoa dola 2,000 alizoziweka kwa ajili ya fungate akaanza kuwagawia watu kila mmoja kwa shida yake, na chama kikafunga mlango jioni kikiwa kimebakiwa na dola mbili. Shangazi alipiga makofi peke yake sebuleni.

Kwa hiyo usiogope kwamba hii ni hadithi ya wenzetu. Aliyewahi kukaa kwenye SACCOS, chama au upatu ana ufunguo wake tayari. Mwisho sitausimulia, ila kama umewahi kuwa kwenye kamati ya mchango, kaa na leso karibu.

*Tahadhari:* sehemu ya darajani na ile George anapowafokea watoto wake ni nzito. Watoto wadogo wasiitazame peke yao. Kaa nao uwaeleze.

2. Chagua siku, kisha hakikisha saa.

Desemba, kwa kawaida karibu na wikendi ya pili, mji hufanya tamasha la filamu hii na mtaa wake mkuu, Fall Street, wote hujigeuza Bedford Falls. Kunakuwa na mbio za kilomita 5, na waliocheza filamu wakiwa watoto wamekuwa wakihudhuria, akiwemo Karolyn Grimes aliyekuwa Zuzu, binti mdogo wa George. Ukitaka shamrashamra, nenda siku hizo, lakini tafuta chumba cha kulala miezi kadhaa mapema na ujiandae kupanga foleni.

Mimi nawapeleka wageni siku ya kawaida ya Desemba, katikati ya juma. Mapambo yameshawekwa, watu ni wachache, na mzee anaweza kusimama mbele ya picha moja dakika tano bila kusukumwa. Kama una wazazi au watoto wadogo, fuata hilo.

Saa za kufungua hubadilika kulingana na msimu, kwa hiyo angalia tovuti ya makumbusho na upige simu siku moja kabla. Hapo ulizia pia kama kuna kiingilio na kama wanaruhusu picha.

*Kosa la kawaida:* saa. Mwaka mmoja nilimpa jamaa yangu kazi ya kuangalia wanafungua lini. Akakuta 10, akaniandikia "wanafungua saa kumi." Tukafika saa kumi jioni, watu wanafunga. Kwa wenyeji 10 asubuhi ni saa nne yetu, na 4 jioni ni saa kumi yetu. Mnapopangana kwenye kundi la simu, andikeni saa zote mbili.

3. Panga usafiri.

Kwa gari, kutoka Syracuse au Rochester ni kama saa moja. Kutoka Ithaca pia ni karibu saa moja, ukipanda kaskazini kando ya ziwa Cayuga. Kutoka Buffalo karibu saa mbili, kutoka jiji la New York saa tano hivi. Treni hazisimami Seneca Falls. Zinaishia kukushusha Syracuse au Rochester, na kutoka hapo unahitaji gari.

Ukija kwa barabara kuu ya I-90, toka kwenye kutokea (exit) namba 41, shika barabara 414 kuelekea kusini mpaka ikutane na barabara 5 na 20, halafu elekea mashariki. Barabara hiyo ikiingia mjini ndiyo inayogeuka kuwa Fall Street. Vibao vyote ni vya maili. Maili moja ni kilomita 1.6.

*Tahadhari:* I-90 haina tena vibanda vya kulipia. Kamera husoma namba ya gari na bili huja baadaye. Ukiwa na gari la kukodi, uliza kabla hujatia saini jinsi ada hizo zinavyokatwa, kwa sababu kampuni nyingine huongeza gharama zao juu. Mimi niliwahi kulipia ada za kampuni zaidi ya ada yenyewe ya barabara, kwa kutosoma ukurasa mmoja.

4. Fika asubuhi, egesha mara moja, tembea.

Kila kitu nitakachokutajia kinafikika kwa miguu. Desemba jua huzama mapema, saa kumi na nusu na kidogo jioni giza linaanza kuingia, kwa hiyo hesabu siku yako kuanzia mwisho: saa kumi uwe darajani. Soma kibao cha maegesho kabla ya kuondoka kwenye gari, hasa siku za theluji ambapo kuegesha usiku barabarani huwa na masharti.

5. Ingia makumbusho, na usikimbilie ukuta wa mwisho.

Yalipofunguliwa, makumbusho yaliwekwa kwenye jengo lililowahi kuwa nyumba ya sinema ya mji enzi za filamu zisizo na sauti. Karolyn Grimes alishiriki kuyaanzisha makumbusho haya, na vitu kutoka mkusanyiko wake ni sehemu kubwa ya utakavyoviona: mabango, picha, kumbukumbu za wale waliofanya kazi ile. Salimia anayekupokea na umwambie umetoka wapi. Wanaohudumu pale wanaipenda filamu hii kwa dhati, na swali moja la adabu linafungua mazungumzo ambayo hakuna kibao ukutani kitakachokupa.

Nikiwa na wageni huwa nawasimamisha kwenye mambo matatu.

La kwanza ni theluji. Bedford Falls yote ilijengwa: ekari nne, maduka na majengo 75, miti mikubwa 20 ya mwaloni iliyong'olewa kwingine na kupandikizwa. Na ilipigwa majira ya joto. Tazama uso wa James Stewart, aliyecheza George, kwenye ile sehemu ya darajani. Lile ni jasho la kweli. Kabla ya filamu hii, theluji ya sinema mara nyingi ilikuwa konflaki zilizopakwa rangi nyeupe, na zilikuwa zikikwaruza miguuni mpaka maneno ya waigizaji yalazimike kurekodiwa upya. Mafundi wa RKO wakachanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalipuliza kwa feni kubwa. Likaanguka kimya kimya, likashika kwenye kofia na kola za makoti. Ufundi huo ulipewa tuzo ya kiufundi na Academy, wale wanaotoa Oscar. Filamu yenyewe ilitajwa kuwania Oscar tano na haikuchukua hata moja.

La pili ni jinsi ilivyookoka. Ilipotoka haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa ipasavyo, na vituo vya televisheni vikagundua vinaweza kuionyesha bila kulipa. Vikaionyesha, na kuionyesha, Krismasi baada ya Krismasi, mpaka watoto wa miaka ile wakakua nayo. Ndiyo maana Mmarekani wa makamo anaweza kukutamkia maneno yake bila kukosea.

La tatu ni Karolyn mwenyewe. Kwenye picha utamwona akiwa mtoto wa miaka sita hivi, amebebwa na Stewart. Kabla hajafika utu uzima alikuwa amefiwa na mama, kisha baba, akapelekwa kulelewa Missouri, mbali kabisa na mambo ya sinema. Hakuwahi kukaa akaitazama filamu hii mpaka alipokuwa na miaka kama 40. Ukilijua hilo, ile picha haiwi tena picha ya mtoto mzuri tu.

Watoto wape kazi, la sivyo watakuvuta mkono. Waambie watafute kwenye picha na vitu vilivyopo: kengele, petali za ua la Zuzu, na ile ngazi ya nyumbani kwa George yenye kichwa cha nguzo kinachong'oka mkononi. Wangu walivitafuta mpaka wakasahau simu.

Ukitoka, weka chochote kwenye sanduku la michango. Makumbusho ya ukubwa huu hutegemea sana dola tano za mtu kama wewe.

6. Kula, halafu nenda ukaone mahali pa 1848.

Chakula hakina maneno mengi: kuna mikahawa Fall Street, supu na sandwichi. Asiyekula nguruwe aulize, kwa sababu hata supu ya maharage inaweza kuwa na vipande vyake.

Baada ya hapo usiondoke bila kuingia kwenye hifadhi ya taifa ya haki za wanawake, iliyoko hapo hapo Fall Street. Ndani ya kanisa la Wesleyan, tarehe 19 na 20 Julai 1848, ulifanyika mkutano wa kwanza wa haki za wanawake Marekani. Watu 100 walitia saini tamko lao, wanawake 68 na wanaume 32. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani na kuchapisha gazeti lake Rochester. Wengi wa wageni wangu hawakuja kwa ajili ya hilo, lakini ndilo linalowafanya wapige simu nyumbani jioni.

7. Saa kumi jioni, nenda darajani.

Kutoka Fall Street, ingia Bridge Street. Ni mwendo wa dakika chache mpaka daraja la chuma linalovuka mfereji. Ukiwa umeitazama filamu utalitambua kabla hujafika.

Sasa lile swali: kwa nini hapa? Wenyeji wanaamini Capra aliuona mji wao na kuuchukua kichwani. Kinyozi mmoja wa hapo, Tommy Bellissima, mhamiaji kutoka Italia, alisimulia kwamba mwaka 1945 alimkata nywele mgeni aliyezaliwa Sicily. Jina lilimkaa akilini kwa sababu "capra" kwa Kiitaliano ni mbuzi. Capra alikuwa na shangazi mji wa jirani wa Auburn, na kwenye filamu inatajwa miji ya kweli ya eneo hili, Rochester na Elmira. Yeye mwenyewe Capra hakuacha maandishi ya kuthibitisha. Mimi nimeridhika na daraja.

Kwa sababu darajani kuna kibao. Kinamkumbuka Antonio Varacalli, kijana mhamiaji wa Kiitaliano. Aprili 1917 mwanamke mmoja alijitupa majini, Varacalli akaruka kumwokoa. Mwanamke alipona. Kijana alizama.

Siku niliyompeleka shangazi, theluji ilikuwa inaanguka kidogo na taa za daraja zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Nilimsomea kibao kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari. Akavua glovu, akakifuta theluji kwa kiganja mpaka jina likaonekana lote, kisha akauliza, "Mama yake huyu alikuwa wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Tulisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwenye chuma cha daraja utaona kengele ndogondogo zilizofungwa na wageni. Ni kwa ajili ya yale maneno ya Zuzu, kwamba kila kengele inapolia kuna malaika amepata mbawa. Ukitaka kufunga yako, uliza kwanza makumbusho kama bado inaruhusiwa.

*Makosa ya kawaida:* kusimama katikati ya barabara ili upate picha nzuri (magari yanapita pale), kupanda kwenye vyuma, na kumwigiza George anayetaka kuruka. Hilo la mwisho nakuomba sana usilifanye. Kuna mtu alikufa pale kweli.

8. Rudi kabla barabara haijaganda.

Giza likiingia, maji yaliyoyeyuka mchana huganda na kuwa barafu nyembamba isiyoonekana. Endesha polepole, usifunge breki ghafla, acha nafasi ndefu mbele yako.

Ukikwama

*Umekuta mlango umefungwa.* Usigeuze gari. Nenda hifadhi ya 1848, kisha darajani. Hakuna anayelifunga daraja. Kwenye kingo za ziwa Van Cleef kuna sanamu za watetezi wa haki za wanawake, Susan B. Anthony, Elizabeth Cady Stanton na Amelia Bloomer, ambazo hazihitaji mlango wala saa.

*Theluji imeanza kumwagika ukiwa njiani.* Toka barabara kuu kwenye kutokea kwa karibu, subiri mahali penye taa na choo. Ukanda huu hupata theluji ya ziwani, inayoweza kuziba macho kwa nusu saa kisha ikaacha. Wanaoharibikiwa ni wale wanaojilazimisha kusonga.

*Mzee wako haelewi Kiingereza.* Msimulie hadithi yote garini mkiwa mnakwenda, na mkiwa ndani mtafsirie vibao vitatu au vinne tu, vile vizuri. Ukijaribu kutafsiri kila kitu mtachoka wote wawili kabla ya saa sita.

*Watoto wamechoka katikati.* Watoe nje na chai, mmoja wenu abaki ndani, kisha mbadilishane. Msimalize ziara kwa ugomvi.

*Mtu ameguswa kuliko mlivyotarajia.* Hutokea, hasa kwa waliopitia vita na kambi, au aliyefiwa karibuni. Filamu hii inamhusu mtu aliyefika ukingoni. Msimfanye acheke kwa nguvu, msimwambie ajikaze, kaeni naye. Na kama anazungumza kama mtu asiyetaka kuendelea kuishi, Marekani nzima namba ya kupiga au kutuma ujumbe ni 988, usiku na mchana. Omba mkalimani wa Kiswahili.

*Huna kengele.* Huna haja ya kununua ya bei. Lete yoyote kutoka nyumbani, ila uje na waya mwembamba, maana uzi huoza kwa theluji ya msimu mmoja. Shangazi aliporudi mara ya pili alikuja na kengele ya mbuzi kutoka Morogoro, amechagua mwenyewe sokoni kwa sababu ya lile jina la Capra. Tuliuliza, tukaruhusiwa, akaifunga kwa mizunguko mitatu ya waya upande ule wenye kibao.